Somo: Ukirudi Moja kwa Moja, Utakula Nini Kila Mwezi?

Nyie wa Muscat na Doha ambao Ijumaa ndiyo pumzi, nyie wa Dubai mnaorudi kambini na vumbi la saruji masikioni, nyie wa Uingereza mnaohudumia wazee wa watu usiku kucha: leo tuzungumze uzee wetu wenyewe. Tunajua mada hii haipendwi. Mtu wa miaka 38 ukimtajia kustaafu anacheka, anakwambia ngoja kwanza nimalize nyumba. Wa miaka 52 hacheki. Anauliza kwa sauti ya chini, "Hivi nimeshachelewa?"

Tuanze na dada mmoja, jina tunaliacha. Ni mtu wa Tanga, kafanya kazi za ndani Oman miaka 19, kwa mabosi watatu. Alijenga nyumba ya vyumba vinne, akasomesha watoto wake wawili na watatu wa kaka yake. Mwaka aliotimiza 54 magoti yakakataa ngazi, na nyumba ya bosi ina ghorofa mbili. Madam akamwambia, kwa upole tu, kwamba viza haitaandikwa tena. Haikupita miezi miwili, dada yetu alikuwa Tanga na masanduku matatu, nyumba nzuri yenye malumalu, na akiba iliyomtosha miezi mitano. Mwezi wa sita akaanza kuuza dhahabu yake, bangili moja moja.

Msimwite mzembe. Hakuna riali aliyoichezea. Ila hela yote aliigeuza kuwa vitu, na katika vitu hivyo hakuna hata kimoja kilicholeta chakula mezani kila mwezi. Nyumba ya kuishi haikulipi, wewe ndiye unayeilipa: umeme, maji, bati likivuja, kodi ya jengo ambayo kwa Tanzania inakatwa kwenye LUKU hata kama hukumbuki. Mtu aliyestaafu serikalini anaweza asiwe na nyumba ya malumalu, lakini mwisho wa mwezi simu yake inalia. Sisi hatuna bosi wa kutulia simu hiyo. Kwa hiyo swali la uzee wetu si "nina nini?" bali "kila mwezi kitaingia nini?"

Kiinua mgongo: kidogo, lakini ni chako

Wengi tunasikia "utalipwa ukimaliza" na tunaweka matumaini makubwa hapo. Tufanye hesabu ili tusidanganyane.

Kaka anasuka nondo kwenye saiti Dubai, ameajiriwa na kampuni, mshahara wa msingi dirhamu 1,200. Angalia neno hilo, "wa msingi". Posho ya chakula, ovataimu na malazi havihesabiwi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inatoa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, halafu siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Kaka kafanya miaka 12. Miaka 5 ya kwanza inampa siku 105, miaka 7 iliyobaki inampa siku 210, jumla siku 315. Mshahara wake kwa siku ni dirhamu 40. Anaondoka na dirhamu 12,600.

Tukikadiria dirhamu moja ni shilingi 35 za Kenya, hizo ni 441,000. Zinaonekana nyingi zikiwa mkononi. Lakini akirudi Kisii akawa anatumia 25,000 kwa mwezi yeye na mkewe, hazifiki miezi 18. Na hapo hajanunua pikipiki, hajachangia harambee, hajamkopesha binamu.

Nchi nyingine zina hesabu zao. Oman, sheria ya kazi ya 2023 inatoa mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka kwa wafanyakazi wa kampuni, ila wa majumbani hawamo katika sheria hiyo. Wana kanuni zao, na kinachowalinda zaidi ni kile kilichoandikwa kwenye mkataba. Qatar, sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya 2017 inasema si chini ya wiki 3 kwa kila mwaka. Kuwait, sheria ya 2015 inasema mwezi mmoja kwa kila mwaka. Saudia, kanuni za 2013 ziliwapa wa majumbani mshahara wa mwezi mmoja baada ya miaka 4 mfululizo kwa bosi yuleyule.

Dada zetu wengi wa ndani hawajawahi hata kuuliza, wanaona kama ni kumkosea adabu madam. Uliza. Uliza mapema, ukiwa bado mnaelewana, wala usingoje usiku wa kufunga masanduku. Na kama umebadilisha kafili, kumbuka miaka ya bosi wa kwanza haihamii kwa wa pili. Kila mmoja unamalizana naye kabla hujatoka mlangoni kwake.

Daftari na kalamu

Sasa chukua daftari. Andika umri wako leo. Chini yake andika umri unaofikiri mwili utakubali kufanya kazi hii, na uwe mkweli. Mtu wa zege na nondo asijiandikie 65. Chini yake andika 80. Wengine hatutafika huko, lakini tukifika bila kitu itakuwa kazi. Ukiacha kazi na miaka 55, hadi 80 ni miezi 300. Hiyo miezi 300 ndiyo inayotaka kula.

Halafu tazama tofauti ya kuanza mapema. Tuseme unaweka shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi mahali panapotoa faida ya asilimia 8 kwa mwaka, na faida huigusi. Ukianza na miaka 45 ukaweka hadi 55, utakuwa umetoa mfukoni 600,000 na utakuta kama 915,000. Ukianza na 35, utakuwa umetoa 1,200,000 na utakuta kama 2,900,000. Umeweka mara mbili ya yule mwingine lakini umevuna zaidi ya mara tatu. Asilimia 8 tumeichukua kwa mfano tu, kuna miaka inapanda na kuna miaka inashuka, na bei za sokoni nazo hazikai. Hata hivyo miaka kumi ile ya mwanzo ndiyo inayobeba mzigo, na ndiyo hiyohiyo tunayoimaliza kwenye msingi, lenta na kupaua.

Hatusemi usijenge. Mtu akirudi asiwe na pa kulala, huo nao ni uzee mbaya. Tunachosema ni kwamba nyumba isipewe mamlaka ya kumeza kila kitu. Kama vyumba vitatu vinatosha, acha cha nne, acha na ule ukuta wa mapambo. Hela ya chumba cha nne iende kwenye mfuko wa uzee kila mwezi, siku ileile unayotuma nyumbani, kabla hujatuma. Ukisema utaweka kitakachobaki, nyie mnajua kama sisi: hakuna kinachobaki.

Iwekwe wapi

Mchezo ni mzuri, kikundi ni kizuri, lakini upatu unakupa hela yako mwenyewe kwa mkupuo, hauzai. Na simu ya kaka yako si benki, hata kama ni mwaminifu. Akiumwa mtoto wake atatumia, na wewe ungekuwa yeye ungetumia.

Watanzania, NSSF inawapokea waliojiajiri na wachangiaji wa hiari. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na umri wa lazima wa kustaafu ni 60, kwa hiari 55. Piga hesabu: anayeanza sifuri leo akiwa na miaka 45 na hakosi hata mwezi mmoja, anafikisha 180 akigonga 60. Anayeanza na 50 atarudishiwa mkupuo tu. Kama uliwahi kuajiriwa ukachangia kabla ya kusafiri, tafuta namba yako ya zamani, miezi ile bado ni yako. Wa Zanzibar muulize ZSSF kuhusu mpango wake wa hiari. Nje ya mifuko hiyo kuna vipande vya UTT AMIS, unaanza na kidogo na unaongeza ukiwa huko huko, na kuna hati fungani za serikali zinazolipa riba mara mbili kwa mwaka. Hizi za riba tunazipenda kwa mtu mwenye mkupuo, maana zinafanana na mshahara.

Wakenya, NSSF inapokea michango ya hiari, na kwa wasio na ajira rasmi kuna Haba Haba inayoanzia shilingi 25 kwa siku. Hati fungani za serikali zipo pia, na sasa zinanunuliwa kwa simu.

Msitegemee posho ya wazee. Ni nzuri na tunaishukuru, lakini Inua Jamii ya Kenya ni shilingi 2,000 kwa mwezi kuanzia miaka 70, na pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza 2016, nayo ni kuanzia 70. Dada yetu wa Tanga aliacha kazi na 54. Hata angekuwa Mzanzibari, angengoja miaka 16.

Mlioko Uingereza mna bahati, mkiitumia. Pensheni ya serikali inataka angalau miaka 10 ya michango ya bima ya taifa ili upate chochote, na 35 ili upate kamili. Ingia kwenye rekodi yako uone miaka mingapi imehesabiwa. Mtu aliyefanya usafi kwa kulipwa keshi miaka 8 atashangaa. Kazini pia, ukiwa na miaka 22 na zaidi na unapata zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka, mwajiri anakuingiza kwenye pensheni na lazima aongeze asilimia 3 yake. Wapo wanaojitoa ili watume zaidi nyumbani. Hapo tunawagombeza kabisa: umemrudishia mwajiri hela yako. Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: ukihamia Kenya au Tanzania ukiwa unapokea pensheni ya serikali, itakuja, lakini haitapandishwa kila mwaka. Inabaki pale pale ilipokuwa. Weka hilo kwenye mpango. Marekani nako unahitaji pointi 40, kama miaka 10 ya kazi iliyokatwa kodi, na kama si raia, uliza kabla ya kuhama iwapo malipo yataendelea ukikaa nje zaidi ya miezi 6.

Mwili nao una deni

Kazi zetu zinakopa kwenye mwili na hazilipi papo kwa papo. Magoti, mgongo, mabega. Joto kali bila maji ya kutosha linaumiza figo, na figo haipigi kelele mpaka hali iwe mbaya. Presha na kisukari ndiyo kabisa, unatembea navyo miaka bila kujua.

Kwa hiyo katika mwaka wa mwisho, ukiwa bado una bima ya mwajiri, pima kila kitu: presha, sukari, figo, macho. Mtoto wa jicho unaondolewa kwa upasuaji, hakuna haja ya kurudi nyumbani ukipapasa ukuta ukidhani ndio uzee wenyewe. Omba majibu kwa karatasi, uje nayo. Na nyumbani hakikisha una bima kabla hujaugua. Kenya, SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na ambaye hana ajira analipa asilimia 2.75 ya kipato kinachokadiriwa, si chini ya 300 kwa mwezi. Katika bajeti yako ya uzee andika mstari wa dawa peke yake, usiuchanganye na chakula. Dawa za presha hazina mwezi wa kupumzika.

Kitu kidogo ambacho kimewasumbua wenzetu: vidole. Saruji na sabuni za kufulia zinasaga alama za vidole. Mtu anafika kujisajili, mashine haimsomi. Kama hujachukua kitambulisho cha taifa au hujaweka alama benki, fanya likizo ijayo. Wiki mbili kabla, paka vidole mafuta kila usiku.

Watu wa nyumbani

Hapa ndipo penye uchungu, na hapa hesabu peke yake haisaidii.

Miaka 19 wewe ndiye mvua. Ada, msiba, harusi, mbolea, simu imepasuka, wewe. Siku unarudi, watu wanakuja kukupokea wakiwa na mahitaji yaleyale, na wewe huna tena mshahara. Ukisema sina, wanasema amefika juzi tu kutoka Arabuni, hana vipi? Hawana roho mbaya. Hakuna aliyewaambia kwamba bomba lilikuwa linatoka kwenye magoti yako.

Tunashauri kupunguza kwa ngazi, miaka 2 kabla ya kurudi. Usikate siku moja. Mpigie kaka yako mapema: "Kaka, mwaka kesho nitarudi kupumzika. Kuanzia Januari ada ya watoto nitalipa nusu, na mwaka unaofuata nitakuwa sina uwezo tena. Nakuambia leo ili tujipange." Atanyamaza kidogo. Pengine atasema, "Dada, sasa sisi huku tutafanyaje?" Usijibu kwa hasira na usijibu kwa huruma. Mwambie, "Ndiyo maana nimekupigia leo, tuna miezi mingi ya kufikiri." Aliyesikia habari hiyo mara nne kabla ya ndege kutua hawezi kukuona mchoyo.

Pia kiasi cha mfuko wako usikitangaze. Aseme nani kwamba mzee akiulizwa ana ngapi lazima ajibu? Riba ya mwezi ndiyo ya kutumia na kugawa kidogo. Shina lenyewe lisiguswe kwa harusi ya mtu.

Na nyumba iwe kwa jina lako. Hili tumelisema mpaka tumechoka, lakini bado kuna mtu kajenga kwenye kiwanja cha mjomba. Mnaofikiria kuchukua paspoti ya nchi nyingine, someni kwanza sheria ya ardhi ya nyumbani: Tanzania haina uraia pacha, na Kenya asiye raia anamiliki kwa muda usiozidi miaka 99.

Na siku zenyewe utazipitishaje?

Raha ipo, tusiongee kama mazishi. Kuamka bila kengele ya mtu. Kunywa chai ikiwa moto, umekaa. Kumwona mjukuu akitambaa badala ya kumwona kwenye video. Wengi waliorudi wanatuambia miezi mitatu ya kwanza ni kama sikukuu.

Mwezi wa nne ndio mgumu. Kaka wa saiti anaamka saa kumi alfajiri kwa mazoea, hana pa kwenda. Dada aliyezoea amri siku nzima anajikuta anafagia ua mara tatu. Majirani wanamjua kama hela, hawamjui kama mtu, na rafiki zake wa kweli wamebaki Muscat. Ni hapo watu wanapokurupuka na biashara: anachukua kiinua mgongo chote ananunua daladala, kwa sababu tu kukaa kumemshinda. Usifungue biashara kubwa kuliko ile uliyowahi kuijaribu ukiwa likizo. Kuku hamsini kwanza. Shamba la nusu eka kwanza.

Lenye faida kuliko biashara, kwa maoni yetu, ni kujiunga na chama cha kuzikana cha mtaa wako ukiwa bado ugenini. Tuma mchango wako kila mwezi, na ukija likizo nenda msibani, kaa jamvini, osha sufuria. Ni hela ndogo. Lakini siku unarudi, kuna watu wanaokujua kwa jina, na wanawake wa mtaa watakuja kukuamsha uende nao kwenye kisomo au kwaya. Aliyekaa miaka 20 akiwa anatuma rambirambi kwa simu tu, anarudi kuwa mgeni kwao.

Sasa yule wa miaka 52 aliyeuliza kama amechelewa. Dada yetu wa Tanga alikuwa na 54 na bangili mbili zimebaki. Watoto wake walikaa naye, wakatazama nyumba badala ya kumtazama yeye. Vyumba viwili vya nyuma vikatobolewa mlango wa nje, vikawekewa choo, vikapangishwa kwa walimu wawili. Kodi inaingia, anakula, dawa ya magoti anapata. Kipande cha mbele kapanda mchicha na bamia, asubuhi anauza kwa majirani, na anasema mchicha unamletea maongezi kuliko hela. Chumba alichokuwa amekitengea "wageni wa kutoka Oman" ndicho anacholala mwalimu wa hisabati.

Ikiwa una nyumba na huna kipato, anzia hapo: ni chumba gani kinaweza kupata mlango wake? Ikiwa bado hujapaua, badilisha ramani sasa, ni nafuu kuliko kutoboa ukuta baadaye. Na ikiwa hujajenga kabisa, Ijumaa hii fungua mkataba wako, tafuta mstari unaosema mshahara wa msingi, uuandike kwenye lile daftari pamoja na tarehe uliyoanza kazi.